Usiipime Shilingi kwa Wingi wa Tarakimu

Msomaji, kusini ya mkono wa bahari wa Kilifi, juu ya mwamba, yapo magofu ya Mnarani: misikiti iliyobomoka na makaburi ya watu waliofanya biashara na kuswali mahali hapo karne nyingi kabla yetu. Kaburi moja lina mnara wa mawe, na jina la mahali penyewe latukumbusha mnara. Chini ya mwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Zamani watu walivuka kwa feri, wakingoja zamu yao juani. Tangu mwaka 1991 wanavuka kwa daraja, na wengi wao hupita bila kutazama magofu wala maji.

Jioni moja ya mwaka 2024 nilikuwa nimepumzika karibu na magofu hayo, nikawasikia vijana wawili wakibishana. Mmoja alikuwa mwenyeji wa Kilifi, na wa pili binamu yake aliyekuja kumtembelea kutoka Tanga. Mwenyeji alisema, “Binamu, shilingi yetu moja ni karibu ishirini zenu. Kwenu mtu akienda sokoni hubeba mafungu ya noti kama abebaye kuni.” Mgeni alicheka kidogo, kisha akainama akachora mchanga kwa kidole. Hakuwa na jibu. Mimi nilikuwa nalo, lakini nilinyamaza, maana mzee akijitia katika mzaha wa vijana huuharibu. Nimejuta tangu siku ile, kwa kuwa maneno ya kijana yule nimeyasikia tena katika vinywa vya watu wazima wenye elimu. Basi jibu nililolificha nalitoa hapa.

Tuanze na tarakimu zenyewe. Fundi apimaye kitambaa kwa shubiri hupata hesabu kubwa kuliko apimaye kwa wari. Kitambaa ni kile kile. Katikati ya mwaka huo wa 2024, dola moja ya Marekani ilipokuwa ikiuzwa kwa shilingi 129 hivi za Kenya, yeni ya Japani ilipita 160 kwa dola moja. Kama tarakimu ndogo ni ushindi, basi Kenya ilikuwa imekwisha kuishinda Japani, nchi iliyounda sehemu kubwa ya magari yanayovuka daraja la Kilifi. Je, yuko mtu awezaye kusema hivyo bila kucheka? Tena, kama uchache wa tarakimu ungekuwa utajiri, kila serikali ingetajirika kwa siku moja kwa kufuta sifuri katika noti zake. Uganda ilifuta sifuri mbili mwaka 1987, shilingi mpya moja ikachukua mahali pa shilingi kuukuu mia. Bei ziliandikwa upya, lakini ndizi sokoni hazikuongezeka hata chane moja kwa sababu hiyo.

Huenda mwanafunzi mwenye bidii akanipinga hapa. Atasema kuwa yeni na shilingi hazikuzaliwa pamoja, lakini shilingi hizi tatu za Afrika Mashariki ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo tarakimu zake zaweza kulinganishwa. Hoja hii ni nzuri, na yastahili kujibiwa kwa haki. Ni kweli kwamba Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na baada ya rupia kuondolewa, na florini kupita kwa muda mfupi, shilingi moja ilitumika toka Mombasa hadi Kampala na toka Tanga hadi Kigoma. Mwaka 1966 kila nchi ilitoa fedha yake chini ya benki kuu yake, na zote tatu zilianza kwa thamani moja, yaani shilingi 7 na senti 14 hivi kwa dola. Basi anayehesabu tangu mwaka huo atakuta kwamba shilingi ya Kenya, ilipokuwa 129, ilikuwa imepoteza zaidi ya 94 kwa mia ya thamani yake mbele ya dola. Ile ya Tanzania, ambayo mwaka 2024 ilikuwa zaidi ya 2,300, ilikuwa imepoteza zaidi ya 99 kwa mia. Na ya Uganda, ukizirudisha zile sifuri mbili zilizofutwa, ilikuwa imetoka 7 mpaka zaidi ya 350,000. Sehemu iliyobaki hapo sitaitaja. Haionekani kwa macho.

Je, kijana wa Kilifi anayo haki basi? Anayo, kama atataja siku aliyoanzia hesabu. Lakini maporomoko makubwa ya Uganda yalitokea katika miaka ya 1970 na 1980, wakati wa utawala wa Idi Amin na machafuko yaliyoufuata. Na Tanzania iliporomoka baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na zaidi katika mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986. Kujivunia mambo hayo leo ni sawa na kumcheka jirani kwa sababu nyumba ya babu yake iliungua. Pengine baba yake kijana huyu hakuwa hata ameoa.

Sasa tubadili siku ya kuanzia, tuone. Mwishoni mwa mwaka 2018 dola moja ilikuwa karibu shilingi 102 za Kenya, karibu 2,300 za Tanzania, na karibu 3,700 za Uganda. Mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuwa karibu 156 za Kenya, karibu 2,500 za Tanzania, na karibu 3,800 za Uganda. Chukua kalamu ufanye hesabu mwenyewe, usiniamini mimi. Utaona kwamba shilingi ya Kenya ilipoteza karibu 35 kwa mia ya thamani yake, ya Tanzania karibu 8, na ya Uganda haikufika 3. Mpango umegeuka juu chini! Ile yenye tarakimu nyingi kuliko zote ndiyo iliyosimama imara kuliko zote, na ile yenye tarakimu chache ndiyo iliyoteleza. Mgeni wa Tanga aliyeinamisha kichwa alikuwa na noti mfukoni ambayo kwa miaka mitano ilitunza akiba vizuri kuliko noti ya mwenyeji wake. Alikuwa na jibu, ila hakuna aliyemfundisha kulisoma.

Kabla mambo hayo hayajasahauliwa ukaja mwaka 2024, na mambo yaliyotokea yastahili kusimuliwa polepole, maana ndani yake umo ujanja wote wa kulinganisha sarafu. Kenya ilikuwa na deni la dola bilioni 2 ambalo ilikopa mwaka 2014 na ambalo lilipasa kulipwa Juni 2024. Wenye mali waliogopa kwamba serikali haitaweza kulilipa. Aliyekuwa na dola akaifungia, na aliyekuwa na shilingi akatafuta dola. Mwezi wa Januari dola moja ikapita shilingi 160. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 nyingine, ikanunua sehemu kubwa ya lile deni la zamani. Benki Kuu nayo ilikuwa imepandisha riba yake mpaka 13 kwa mia. Hofu ikatoweka kama umande, na katika majuma machache dola ikashuka hata ikakaribia 130.

Ndipo zikapigwa vigelegele. Shilingi ya Kenya ni bingwa wa Afrika! Wengine wakasema bingwa wa ulimwengu. Tarakimu hazikusema uongo: kutoka 156 mpaka 129 ni kupanda kwa karibu 21 kwa mia, na sarafu chache sana zilipanda hivyo. Lakini aliyeitwa bingwa alikuwa ni yule yule ambaye mwaka uliotangulia alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Mgonjwa akiinuka kitandani tunamshukuru Mungu. Hatumpi nishani ya mbio. Hesabu kutoka mwisho wa mwaka 2022, dola ilipokuwa karibu 123, mpaka mwisho wa mwaka 2024, ilipokuwa karibu 129, utakuta kwamba bingwa wetu alikuwa amepoteza karibu 5 kwa mia. Na ukitaka kujua ushindi wenyewe ulinunuliwa kwa kiasi gani, tazama riba: deni la zamani lilikuwa na riba isiyofika 7 kwa mia, na mkopo mpya ulikuwa na riba ya 9 na robo tatu.

Upo ujanja mwingine mdogo ambao mwanafunzi wa hesabu hana budi kuutambua. Dola ilipotoka 123 mpaka 156 katika mwaka 2023, dola ilipanda karibu 27 kwa mia, lakini shilingi ilishuka karibu 21 kwa mia. Maneno yote mawili ni kweli, kwa sababu kila moja limegawanywa kwa kitu tofauti. Mwenye kutaka kututia hofu huchukua 27, mwenye kutaka kututuliza huchukua 21. Vile vile kitu kilichoshuka kwa nusu hakirudi mahali pake kwa kupanda nusu. Hakina budi kupanda mara mbili. Ukisikia mtu anataja sehemu kwa mia, muulize, sehemu ya nini?

Rudi nami sasa Mnarani, ukaitazame ngalawa iliyofungwa ufukoni. Asubuhi iko chini kabisa, adhuhuri iko juu. Je, ngalawa imepanda? Mtoto mdogo atakuambia kwamba ni maji yaliyojaa. Mbele ya sarafu tumesahau akili hiyo ya mtoto. Twapima kila kitu kwa dola, kana kwamba dola ni mwamba, kumbe nayo ni maji. Mwaka 2022 Marekani ilipandisha riba kwa haraka, na dola ikazipanda karibu sarafu zote. Yuro ilishuka chini ya dola moja kwa mara ya kwanza kwa muda wa miaka kama ishirini, na yeni ikafika 150. Katika mwaka huo shilingi ya Kenya ilishuka karibu 8 kwa mia mbele ya dola, watu wakalia. Lakini mbele ya paundi ya Uingereza shilingi hiyo hiyo ilipanda kidogo, na sikumsikia mtu akishangilia. Tena dola yenyewe haikubaki ilivyokuwa mwaka 1966. Kitu kilichonunuliwa kwa dola moja huko Marekani mwaka ule, kwa wastani kilihitaji zaidi ya dola 9 mwaka 2024. Fimbo ya kupimia imeliwa na mchwa, nasi twaendelea kupimia.

Wataalamu wa uchumi hujaribu kujenga kitu kinachofanana na mnara. Huzichanganya sarafu za nchi zote zinazofanya biashara na nchi fulani, kila moja kwa kadiri ya biashara hiyo, kisha huondoa tofauti ya kupanda kwa bei kati ya nchi na nchi. Ni kazi ya kuchosha, na matokeo yake hayaandikwi kwa herufi kubwa magazetini. Hata hivyo nayo si mnara wa mawe. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa lilisema kwamba shilingi ya Kenya imewekwa juu ya thamani yake kwa zaidi ya 17 kwa mia. Gavana wa Benki Kuu akakataa. Sitaki kuamua nani alikuwa na haki. Naomba tu ukumbuke ubishi huo unapousoma mwaka 2023.

Maana utulivu nao waweza kudanganya. Katika nchi ambazo wenye mali huziita masoko yanayoinukia, aghalabu sarafu hushikwa kwa mkono mpaka mkono uchoke. Paundi ya Misri ilikaa karibu 31 kwa dola moja tangu mwanzo wa mwaka 2023 mpaka mwanzo wa mwaka 2024. Aliyelinganisha sarafu kwa bei ya benki angeipa sifa ya uthabiti. Lakini mfanyabiashara wa Kairo aliyehitaji dola hakuipata kwa bei hiyo. Aliinunua kwa siri kwa bei ya juu sana. Tarehe 6 Machi 2024 serikali iliiachilia, na siku hiyo hiyo ikaporomoka mpaka karibu 50. Haikuporomoka siku ile, msomaji. Siku ile ilikiri tu. Wazee wa Tanzania hawahitaji mfano wa Misri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 dola ilikuwa na bei mbili, ya benki na ya magendo, na ile ya benki ilikuwa nzuri kuitazama.

Hata tukipata kipimo safi, limebaki swali ambalo wapiga vigelegele hawaliulizi kamwe: shilingi imefanya vizuri kwa nani? Chukua mfano wa mama wa Mnarani ambaye mwanawe anafanya kazi Maskati na humpelekea riali 50 kila mwezi. Riali ya Omani imefungwa kwa dola, na tangu mwaka 1986 riali moja ni dola 2 na senti 60. Januari 2024, dola ilipokuwa 160, mama huyu alipata karibu shilingi 20,800. Miezi michache baadaye, shilingi yetu ilipokwisha kuvishwa taji, alipata karibu 16,800. Mwanawe hakufanya kazi kidogo kuliko zamani, wala jua la Maskati halikupoa. Elfu nne zilipotea njiani, na karo ya mdogo wake haikupungua hata senti moja. Mwambie mama huyo kwamba sarafu ya nchi yake ni bingwa, usikilize atakujibu nini.

Lakini usinielewe vibaya ukadhani kwamba nataka shilingi ianguke. Mvuvi mwenye mashine ya petroli ana kisa chake. Septemba 2023 bei ya petroli nchini Kenya ilipita shilingi 200 kwa lita, na sehemu ya mzigo ule ilikuwa ni dola iliyopanda, ingawa kodi na bei ya mafuta ulimwenguni zilikuwamo pia. Shilingi ilipopata nguvu mwaka 2024, na mafuta yakashuka bei, mvuvi yule alipumua. Mwenye duka la dawa naye alipumua, na mwenye mashine ya kusaga ambaye vipuri vyake hutoka ng'ambo. Kwa upande wa pili, mkulima wa korosho na mwenye hoteli ya wageni hupata shilingi chache zaidi kwa kila dola iletwayo na wanunuzi na watalii wao. Katika kijiji kimoja, kando ya maji mamoja, habari ile ile ya gazeti humchekesha mmoja na kumliza mwenziwe. Atakayekuambia kwamba sarafu yenye nguvu ni heri kwa wote, au ni balaa kwa wote, hajui anasema nini, au anajua sana.

Na huyo ajuaye sana ndiye anayenitia wasiwasi kuliko kijana wa Kilifi. Serikali huchagua siku ya kuanzia inayoipendeza, wapinzani wake huchagua yao, na mwenye kuuza hati za dhamana huchagua ya tatu. Sisi wasomaji twapewa tarakimu moja, tunafurahi au tunakasirika kwa amri. Taifa la watu wanaojivunia 129 kwa sababu ni ndogo kuliko 2,500 litadanganywa na kila mtu mwenye chaki na ubao, na litadanganywa hasa juu ya deni lake, kwa sababu karibu nusu ya deni la serikali ya Kenya mwaka 2023 lilikuwa la nje, na kila dola ilipopanda deni hilo lilikua kwa hesabu ya shilingi bila serikali kukopa hata senti mpya. Deni hilo halitalipwa na mimi mwenye mvi. Litalipwa na wewe uliyeshika kitabu hiki.

Kwa hiyo nakupa kazi, na si ngumu. Tafuta daftari la kurasa mia. Kila tarehe 1 ya mwezi andika bei ya dola kwa shilingi ya Kenya, ya Tanzania na ya Uganda. Andika na bei ya kilo moja ya unga katika duka lililo karibu nawe, na bei ya lita moja ya petroli. Kama una ndugu Tanga, Tororo au Maskati, mwombe akuandikie bei za kwake. Usiruke mwezi kwa sababu hakuna jipya. Mwezi usio na jipya ndio utakaohitajiwa baadaye. Usichague siku nyingine kwa sababu bei ya tarehe 1 haikupendezi. Baada ya miaka mitano mpelekee daftari hilo mtu wa kwanza atakayejigamba mbele yako, umwombe akuonyeshe kwa kidole ni katika ukurasa gani alianza kuhesabu.